Jezi Nyeupe za Mzee Ouma

Siku hiyo, katika chumba cha kufulia cha hosteli ya wanamichezo, tulikuwa watu sita. Alikuwepo Bwana Mukhwana, meneja wa timu yetu ya wanawake. Alikuwepo kocha Rose, ambaye hakukaa chini hata mara moja. Alikuwepo Anyango, nahodha, akiwa bado na slipa za kuogea miguuni. Alikuwepo mama mmoja mwenyeji aliyekuwa akipiga pasi mashuka. Jina lake sikulijua kwa sababu hatukuwa na lugha ya kuulizana. Alikuwepo Mzee Ouma, mtunza vifaa wa wanawake wa Uganda, akikunja nguo za timu yake kwenye meza ya pembeni. Na mimi Ajiambo, mtunza vifaa wa Kenya, nimeshika jezi nyekundu wakati niliyohitaji ni nyeupe.

Nimestaafu sasa, na ninyi mnaoshika kazi hii mmeniomba niwaandikie niliyoyaona. Ya vyeo nitayaacha, hayakuwa mengi. Nitaanza mwanzo, halafu tutarudi kwenye chumba hicho.

Mama alifariki nikiwa darasa la saba. Baba alikuwa ametangulia. Nyuma yangu kulikuwa na watatu, mdogo kabisa hajaanza shule, na watu wazima waliokuja matangani walinitazama kwa namna ambayo niliielewa bila kuelezwa. Sare yangu ya shule nilimkatia mdogo wangu gauni. Nikaenda Malaba kufua nguo za madereva wa malori.

Foleni ya malori pale mpakani mnaijua. Dereva anaweza kungoja karatasi zake mpaka nguo zote za safari zimchafukie. Nilifulia nyuma ya lojing moja ndogo karibu na reli, na shule yangu ikawa hiyo. Nilijifunza kwamba mafuta ya injini hayatoki kwa nguvu, yanatoka kwa subira. Nilijifunza kugeuza nguo ndani nje kabla ya kuilowesha. Nilijifunza pia kutoulizauliza jambo lolote ninalolikuta mfukoni mwa dereva.

Mwaka fulani maji yalikatika Busia, na Mzee Emase, aliyetunza vifaa vya klabu moja ya pale mjini, akaja Malaba na gunia la jezi. Alikaa juu ya mtungi uliopinduliwa akanitazama nikifua.

"Nani alikufundisha kugeuza?" akauliza.

"Hakuna mtu, mzee. Uchafu uko nje, na maandishi pia yako nje. Nikisugua nje nitatoa vyote."

Hakunisifu. Mzee Emase hakuwa mtu wa kusifu. Alisema tu, "Jumatatu uje Busia. Uje na ndoo yako, zangu zimetoboka."

Siku yangu ya kwanza nilifika na ndoo kichwani, na wachezaji walikuwa wamekaa ukutani wakifunga kamba. Mmoja akasema, "Mzee Emase, umeoa bila kutuita?"

"Huyu ni fundi," Mzee akamjibu bila kuinua kichwa. "Wewe ni mchezaji wa akiba. Msalimie vizuri."

Kazi niliyopewa siku hiyo ilikuwa kujaza magazeti ndani ya njumu zilizolowa. Jozi baada ya jozi, mpaka vidole vikawa vyeusi kwa wino. Nilimuuliza kwa nini tusizianike juani, akanionyesha jozi moja iliyokuwa imekauka na kupinda kama samaki wa kukaangwa. "Hii ilianikwa juani na mtu mwenye haraka," akasema. Hakusema ni nani. Kwa namna alivyoishika nadhani alikuwa yeye mwenyewe, zamani.

Alinifundisha mengi, na mengi bado mnayafanya bila kujua yalikotoka. Jezi haisokotwi, inakamuliwa kwa kiganja. Inaanikwa kivulini. Inakunjwa ikiwa bado imegeuzwa, namba ikiwa ndani, ili safari isiikwaruze. Golikipa anavalishwa wa kwanza kwa sababu ndiye mwenye hofu zaidi. Ukimkuta mchezaji analia chumbani, endelea na kazi yako, usitoke wala usimuulize, uwepo tu.

Timu ya wanawake ilipoanzishwa, hakuna aliyetaka kuitunza. Walipewa jezi kuukuu za wanaume, mikono ikiwafika viwikoni na shingo zikiwaacha mabega wazi. Mzee Emase aliniambia, "Hawa ni wako." Nilikesha na cherehani ya kuazima nikizipunguza. Kesho yake msichana mmoja alijitazama akasema, "Kumbe nina kiuno." Nilibaki nao tangu siku hiyo, wa klabu kwanza, kisha wa taifa, na ndio walionipa jina la Mama Jezi. Sikuwahi kuzaa. Lakini jina lilinikaa.

Wadogo zangu walikua huku mimi nikiwa kambini. Nilisikia kwa simu kwamba Wandera amefaulu, kwamba Nekesa ameposwa, kwamba Barasa amepata kazi ya meli huko Mombasa. Simu hizo nilizipokea katika vyumba vya kufulia, maana ndiko nilikokuwa. Nilisema hongera, halafu nikarudi kwenye maji.

Basi, twende kwenye ile michezo ya bara zima. Ilikuwa nchi moja ya magharibi mwa Afrika, na kila aina ya mchezo ilikuwepo: mbio, ngumi, kuogelea, vishale, na mpira wa miguu wa wanaume na wa wanawake. Timu zetu mbili zilisafiri kwa ndege moja. Ya wanaume ilitunzwa na Wafula, kijana wa Nambale, naye pia mwanafunzi wa Mzee Emase. Kwa hiyo sote wawili tulifua kwa namna moja na kukunja kwa namna moja.

Hapo ndipo shida ilipozaliwa. Jezi za siku hizi rangi yake huchapwa juu ya kitambaa cheupe. Ukiigeuza nyekundu ndani nje, ni nyeupe. Ukiigeuza nyeupe ndani nje, ni nyeupe vilevile. Kila timu ilikuwa na seti mbili, nyekundu na nyeupe, na zote nne zilikuwa zimekunjwa zimegeuzwa kama tulivyofundishwa na mzee mmoja. Wanaume walipohamishiwa mji mwingine wa mbali kwa mechi zao, Wafula alipakia mafurushi mawili yaliyofanana kabisa na mawili aliyoyaacha. Alienda na nyeupe zote mbili. Mimi nikabaki na nyekundu zote mbili, na sikujua, kwa sababu mechi yetu ya kwanza tulivaa nyekundu.

Kundi letu lilikuwa la timu tatu: sisi, Uganda, na wenyeji. Mbili zinapita. Uganda walikuwa wamemaliza mechi zao. Walifungwa na wenyeji bao moja, na sisi tulitoka nao sare. Ilibaki mechi yetu na wenyeji. Tukitoka sare au kushinda, tunaendelea sisi, Uganda wanarudi nyumbani. Tukifungwa mabao mengi, Uganda wanaendelea. Na timu isiyofika uwanjani na jezi zinazokubalika huandikiwa imefungwa matatu.

Wenyeji walivaa nyekundu. Kamisaa wa mechi alikuwa ametuandikia nyeupe. Asubuhi ile nilifungua furushi, nikageuza jezi ya kwanza, ikawa nyekundu. Nikageuza ya pili. Nilizigeuza zote, ingawa nilikwisha kujua.

Nilipowaita viongozi na nahodha kwenye chumba kile cha kufulia, Bwana Mukhwana alimpigia kamisaa simu, akaomba tuvae vizibao vya mazoezi. Akakataliwa: havina namba. Akaomba wenyeji wabadilishe. Akakataliwa tena, na nilisikia mtu akicheka upande wa pili.

"Tununue fulana sokoni," akasema.

"Leo Jumapili," kocha Rose akamwambia. "Na namba atachapa nani? Wewe?"

Wafula alipopatikana kwenye simu aliniambia ningoje afungue mafurushi, halafu akasema, "Dada Ajiambo, ziko hapa. Zote." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepigwa. Mji aliokuwapo ulikuwa mbali mno, hata gari lingepaa.

Anyango alikaa juu ya kikapu cha nguo chafu. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na ndiye aliyekuwa akiniambia jioni kwamba kuna watu wa vilabu vya nje watakaokuja kuwatazama wakivuka kundi. Sasa aliongea polepole. "Kwa hivyo tunatolewa na nguo. Si kwa mpira. Na nguo."

Yule mama wa mashuka alikuwa ameacha kupiga pasi.

Mzee Ouma alikuwa akikunja muda wote huo. Mtu wa Busia ya ng'ambo, upande wa Uganda, mrefu, mwenye ndevu za mvi alizozikata mwenyewe. Tulikuwa tumegawana kamba za kuanikia na sabuni tangu tufike, na aliniita nyabo, kama wanavyowaita akina mama kwao. Alimaliza jezi aliyokuwa nayo, akailaza juu ya nyingine. Zilikuwa nyeupe.

"Golikipa wenu anavaa saizi gani?" akauliza.

Bwana Mukhwana akageuka. "Mzee, hii si saa ya mchezo."

"Mimi sichezi. Nina jezi nyeupe, na ya golikipa yenye rangi yake, zina namba, zimekauka. Nauliza saizi ya golikipa."

"Wewe ni Uganda," Bwana Mukhwana akasema. "Tukikosa kucheza, ninyi mnapita."

"Kale, sawa, hesabu hiyo naijua, boss."

"Wakubwa wako wamekubali?"

"Nikiwauliza watasema hapana, na hapo nitakuwa nimekatazwa. Sasa hivi hakuna aliyenikataza."

Anyango alimwangalia kwa jicho la pembeni. "Mzee, hizo jezi hamjaziwekea kitu? Si tutavaa tuanze kukimbia tukielekea goli letu."

"Zingekuwa na dawa," Mzee Ouma akamwambia, "juzi tungewafunga. Tulitoka sare na hizo hizo."

Kocha Rose akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichokata shauri. Lakini mimi nilimvuta mzee pembeni nikamuuliza kwa nini. Wasichana wake nao walikuwa na ndoto zao, nao walitazamwa na watu wale wale.

"Wangu wamecheza, nyabo," akasema. "Wamefungwa kwa mpira, wametoka sare kwa mpira. Wakipita leo kwa sababu ya furushi, nitawaambiaje? Mimi ndiye ninayewavalisha."

Ilibaki beji. Kamisaa alikubali jezi lakini si beji ya nchi nyingine. Nilikata kizibao chekundu vipande vya mraba, nikaanza kushona kipande juu ya kila beji kwa mkono. Mzee Ouma akachukua sindano. Anyango akachukua sindano, akashona vibaya, nikafumua. Yule mama wa mashuka akazima pasi, akavuta kiti, akanyoosha mkono nimpe uzi. Alishona haraka kutuzidi sote, mishono midogo kama chembe za mtama. Hatukuongea. Katika miaka yangu yote ya kazi, sidhani kama niliwahi kukaa na watu vile.

Tulifika uwanjani marefa wakiwa wameshatoka kukagua. Kamisaa aliibonyeza ile miraba kwa kidole mmoja mmoja, akatikisa kichwa kukubali.

Sasa, ninyi mnaoanza, mnadhani mtunza vifaa hutazama mechi. Kadi za benchi siku hiyo zilikuwa chache, nami sikuwa na yangu. Nilifungiwa chumbani na bukta za akiba, maji na plasta. Nilisikia mechi kupitia ukuta. Uwanja ulijaa wenyeji, kwa hiyo kelele zote zilikuwa zao. Kelele ikipanda, wanatushambulia. Ikikatika ghafla na kugeuka mguno, golikipa wetu ameokoa. Kabla ya mapumziko ilipanda na haikukatika, ikaendelea, na ngoma zikaingia. Nikajua.

Wasichana waliingia wameinamisha vichwa. Sikuwa na seti ya pili ya kuwabadilisha, basi nilipita na taulo kavu, nikiwakausha migongo wakiwa wamevaa. Mraba wa namba tano ulikuwa umeanza kung'oka, niliushona ukiwa kifuani mwake, naye akasema, "Mama Jezi, usinishone na ngozi."

Kipindi cha pili niliketi juu ya sanduku. Kelele zilipanda na kushuka. Halafu, karibu na mwisho, uwanja ukanyamaza. Uwanja mzima, ghafla, kama mtu aliyezimiwa redio. Na ndani ya ule ukimya nikasikia sauti chache za wasichana, mbali, wakiitana majina. Nililia peke yangu pale, nimeshika taulo.

Ikaisha sare. Tukaenda nusu fainali, tukafungwa, hilo lilikuwa la haki. Wanaume walitolewa kwenye kundi lao wakiwa na jezi nyeupe seti mbili.

Zile za Mzee Ouma nilizifua jioni ile ile, nikafumua miraba yote, nikazikunja. Lakini picha za wasichana wetu zilikuwa zimesambaa tangu walipoingia uwanjani, na wakubwa wa Uganda walizijua jezi zao hata zikiwa zimefunikwa beji. Asubuhi niliwakuta Uganda wakipanda basi la uwanja wa ndege. Nilimkabidhi furushi mchezaji mmoja dirishani. Mzee Ouma alikuwa kiti cha mbele, peke yake, kiti cha pembeni yake kikiwa kitupu. Aliinua mkono kidogo tu.

Hakuitwa tena na timu yoyote. Nililisikia hilo mpakani, kwa mama mmoja anayevusha vitenge. Nilituma salamu kupitia kwake na kwa wengine. Niliambiwa amehamia kwa mwanawe, Tororo au mbele zaidi. Mimi niliendelea na kazi. Kambi, mechi, ndoo. Mzee Emase tulimzika. Wafula alihamia kazi nyingine. Wandera na Barasa wakajenga mbali, Nekesa akaenda alikoolewa, na mwaka jana nikarudishwa nyumbani Mundika na keki na picha ya pamoja.

Nyumba ni nzuri, ina maji. Nilifunga kamba ya kuanikia kutoka ukuta hadi ukuta, kwa mazoea, na nguo zangu zote hazifiki hata robo yake. Asubuhi nyingine naamka nikitafuta ni nani wa kumvalisha.

Ndipo nikasikia kwamba Mzee Ouma amerudi Busia ya ng'ambo. Nilivuka na kuku na kilo mbili za sukari. Nilimkuta barazani akishona kiatu cha mtu, miwani imefungwa kwa uzi.

"Nyabo, umezeeka," akasema.

"Na wewe hukubaki nyuma, mzee."

Alimpokea kuku, akampeleka ndani, akarudi. Nilianza hotuba niliyoiandaa njia nzima, jinsi nisivyojua nitamlipa nini kwa kazi yake iliyopotea. Alinikatiza.

"Kuku nimemkubali. Hayo mengine wacha. Kuna kitu kimoja nimekingoja. Zilichezaje?"

"Nini, mzee?"

"Jezi zangu. Mimi wakati huo nilikuwa ofisini kwa wakubwa, naulizwa maswali. Televisheni ilionyesha wanaume. Sijawahi kumpata mtu wa kuniambia. Niambie lile goli."

"Alifunga Anyango."

"Hilo hata redio ilisema. Alifungaje? Mpira ulimjia kutoka wapi? Aligeuka na mguu gani?"

Nilimwambia nilichokuwa nacho. Nilimwambia kelele, ngoma, mguno, kisha ule ukimya na majina yaliyoitwa ndani yake. Aliweka kiatu chini, akafumba macho, akasikiliza mpaka mwisho. Nilimwambia pia kwamba wasichana waliporudi chumbani kila mmoja alilisimulia goli kivyake, wote kwa pamoja, wakipiga kelele, na sikushika neno.

"Hukuona," akasema.

"Sikuona."

"Wewe ulisikia, mimi hata hilo sikupata." Akafikiri kidogo. "Hiyo ni nusu, nyabo. Asante kwa nusu." Akaokota kiatu, akatafuta tundu la sindano.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwatafuta. Anyango alikuwa Nambale. Shangazi yake anasema ameenda Uarabuni kwa kazi, na simu niliyopewa haiingii. Golikipa aliolewa, hajulikani wapi. Namba tano yuko klabu ya nje, anacheza, nashukuru, lakini hajajibu. Ninyi mnakutana na wachezaji wa zamani viwanjani na kwenye mafunzo. Mkimpata mmoja wao aliyekuwa ndani ya uwanja siku ile, mwambieni aje Mundika. Nitamvusha mwenyewe.

Huwa navuka Jumamosi. Mzee ananipa kiti, tunazungumza habari za sabuni za siku hizi, ambazo sote hatuzipendi. Hajaniuliza tena. Lakini kila nikiingia hutazama kwanza nyuma yangu, kuona kama nimekuja na mtu, nami kila mara nimekuja peke yangu.